Lethi ndogo kwenye trei ya mayai

Meza ya fundi huyu, katika kibanda chake cha jua kali hapa Eldoret, ina taa moja, jiliwa moja na trei mbili tupu za mayai. Ni zile trei zilizonivuta nikae. Kila kipande anachofungua hukilaza kwenye tundu lake kwa mpangilio, skrubu na washa yake pamoja, safu baada ya safu. Siku ya kurudishia ataanza na tundu la mwisho na kurudi nyuma hadi la kwanza.

Mashine iliyo mbele yake ni Unimat SL, lethi ndogo ya kukereza iliyoundwa Hallein, Austria, na kupendwa tangu miaka ya 1950 na watu waliotengeneza injini ndogo na vipuri vya saa nyumbani kwao. Mtu mmoja huibeba kwapani. Haina kitanda kizito kama lethi zinazokereza shafti za matrekta mjini humu. Kitanda chake ni fimbo mbili za chuma za mviringo, kila moja unene wa milimita 12, na kibebeo cha kisu huteleza juu yake. Mwenyewe, mwalimu mstaafu, aliihifadhi miaka mingi kwenye stoo ya mahindi. Vumbi la mahindi likaingia kwenye grisi, likanywa unyevu wa masika, likawa gundi.

Fundi aliiondoa gundi hiyo kwa brashi ya rangi na mafuta ya taa, bila haraka, mpaka rangi ya asili ikaonekana. Kisha akafika mahali pagumu. Mhimili unaozungusha kazi umekaa ndani ya silinda ya chuma, na silinda hiyo inapaswa kusogea mbele na nyuma ukivuta mpini. Ilikuwa imeganda kabisa.

"Mzee, ukigonga kidogo tu?" nikamuuliza.

"Gusa hapa, kijana." Akauongoza ukucha wangu chini ya mwili wa mashine. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Kuna aliyegonga kabla yangu. Hii ni zinki. Hainami, inapasuka."

Akadondosha mafuta mepesi kuzunguka silinda, akafunika mashine kwa gunia, akaenda kushughulikia pampu ya mtu mwingine. Kesho yake akadondosha tena. Siku ya tatu alikuja na birika la maji moto, akachovya kitambaa, akakamua, akauvisha mwili wa mashine. Zinki hutanuka kuliko chuma inapopata joto, kwa hiyo tundu hupanuka kabla silinda haijapanuka kiasi hicho. Alibadilisha kitambaa mara nne. Kila mara aliujaribu mpini kwa vidole viwili tu, na usipoitikia aliuacha. Mara ya tano ukasogea upana wa punje ya mchele. Hakuuvuta zaidi. Aliurudisha, akatia mafuta, akausogeza tena, akaurudisha, na kila safari iliongeza punje nyingine mpaka silinda yote ikatoka ikiwa nyeusi, nzima.

Beringi mbili zilikuwa ndani. Alizisafisha, akazizungusha kwenye kidole karibu na sikio. Moja ilikuwa kimya. Nyingine ilinong'ona kama mchanga, naye akaiweka kando ili anunue mpya ya kipimo hichohicho. Mota ilimchukua muda mfupi. Kaboni zake zilikuwa zimelika, akachonga mpya kutoka kwenye kaboni kubwa za grainda kwa kuzisugua juu ya msasa. Fimbo za kitanda alizipaka mafuta na kuzisugua kwa msasa laini hadi kidole kikapita bila kukwama. Vishimo vya kutu aliviacha. Angevifuata angepunguza unene wa fimbo, na kibebeo kingecheza. Vibaki hivyo, vitashika mafuta.

Mkanda wa mpira ulikuwa umekatika kwa uzee. Alizungusha uzi kwenye puli, akaupima kwa rula, akapunguza kidogo ili mkanda mpya uvutike, kisha akaenda kwenye duka la vipuri vya matrekta kutafuta oringi. Alirudi na tatu, akazijaribu zote, akachagua ile ambayo ingeteleza kabla ya kuilemea mota.

Jaribio lilifanyika jioni. Alifunga kipande cha alumini kwenye taya tatu, akakereza pete mbili, moja karibu na taya na nyingine milimita 60 mbele, kwa kisu kilichogusa kidogo sana. Maikromita ikasoma 15.00 kwenye pete ya kwanza na 15.04 kwenye ya pili. Mimi ningefurahi nikaenda nyumbani. Yeye alilegeza boliti ya kichwa cha mashine, ambacho katika Unimat kinaweza kugeuzwa, akaeleza kwamba kosa la kisu ni nusu tu ya tofauti hiyo, kwa sababu kipenyo huhesabu pande zote mbili. Akakisukuma kichwa kwa kiungo cha kidole gumba, akakaza, akakereza upya. 14.81 na 14.83. Akalegeza tena. Safari hii sikuona kidole chake kikisogea. 14.70, na 14.70.

Nyuzi za alumini zilikuwa zimejikunja mezani, nyembamba na zinazong'aa. Nilidhani ataendelea, kwa kuwa mashine ilikuwa ikiimba vizuri. Alizima. Mota hizi ziliundwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi na kupumzishwa. Akaweka kiganja juu yake, akavuta stuli kwa mguu, akakaa kungoja ipoe.