Maskini katika Vitabu vya Watoto

Vitabu vya watoto vinavyosimulia umaskini, njaa na kukosa makao si vichache, na karibu vyote vyasifiwa. Watu husema: kitabu hiki chafundisha kuwahurumia maskini, basi ni kitabu chema, mpeni mtoto akisome. Sisi hatukatai kwamba huruma ni jambo jema. Lakini twauliza neno moja ambalo wenye kuvisifu hawaliulizi sana: huyo maskini, ndani ya kitabu, ni nani? Ni mtu, au ni fasi tu ya kutupia sadaka?

Neno hili si la kubishaniwa na wenye elimu peke yao. Vitabu vingi vya namna hii viliandikwa Ulaya kwa ajili ya mtoto aliyekula asubuhi na atakayekula tena jioni. Sisi mapadri na wakatekista twavisoma mbele ya watoto wa namna mbili. Katika kalasi moja ya Bukavu au ya Lubumbashi, juu ya ubao mmoja wa kukalia, yuko mtoto aliyekunywa chai na mkate, na ubavuni pake yuko aliyelala na njaa. Nje, sokoni, wako wale ambao watu wa Kivu huwaita maibobo, na watu wa Kinshasa shege. Hadithi ni moja, lakini masikio ni mbalimbali. Aliyeshiba asikia: "Uwahurumie wale." Mwenye njaa asikia: "Wewe ndiwe mmoja wa wale." Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nasi twaongeza kwamba mwenye njaa amjua sana mwenye shibe, na hata kitabu chake akitambua upesi.

Kipimo chetu twakitwaa katika fasi mbili za Evanjili ambazo kila katekista azijua. Katika mfano wa Lazaro na tajiri, maskini ndiye mwenye jina, na tajiri hana. Katika habari ya mikate mitano ya shayiri, aliyekuwa na chakula mkononi ni mtoto. Basi, tukisoma kitabu juu ya maskini, tutazame mambo mawili: maskini ana jina? Tena ana mikono, yaani afanya neno, achagua, atoa, au ana macho ya kulia tu na kinywa cha kusema asante? Kwa kipimo hicho tutapima vitabu vinne vya karne ya 19, vyote vyapatikana kwa Kifaransa.

Cha kwanza ni hadithi fupi ya Hans Christian Andersen, mtu wa Denmark, juu ya msichana mdogo mwenye kuuza viberiti. Ni ya mwaka 1845. Usiku wa mwisho wa mwaka mtoto yuko njiani, kichwa wazi, miguu mitupu, theluji yaanguka. Hakuuza hata njiti moja. Aogopa kurudi nyumbani, kwani baba atampiga, na nyumbani nako upepo wapita katika paa. Awasha njiti moja, aona jiko lenye moto. Awasha ya pili, aona meza na bata bukini aliyeokwa. Kisha aona mti wa Noeli, na mwisho aona bibi yake marehemu, ambaye peke yake alimpenda. Asubuhi watu wamkuta amekufa kwa baridi.

Andersen hasemi uongo juu ya njaa. Alizaliwa mwaka 1805 katika mji wa Odense. Baba yake alishona viatu, mama yake alifua nguo za watu, na mama huyo alipokuwa mtoto alitumwa kuombaomba. Ndiyo maana ajua kwamba mwenye njaa haoni malaika kwanza; aona nyama mezani. Lakini alipoandika hadithi hii alikuwa mgeni katika jumba kubwa la Gråsten, na aliiandika kwa kufuata picha aliyopelekewa. Hatumlaumu kwa ajili ya jumba. Twamlaumu kwa neno jingine: mtoto wake hana jina, na watu wote waliopita njiani usiku ule, hakuna hata mmoja aulizwaye kitu. Kifo chafika, shauri lafungwa. Msomaji alia, kisha afunga kitabu, na machozi yake yamekwisha kumlipia deni. Mbingu ni kweli, nasi twaihubiri kila siku. Lakini mbingu haikuwekwa ili wapita njia wasiulizwe.

Cha pili ni hadithi ya Oscar Wilde, mtu wa Irlandi, juu ya sanamu ya mwana wa mfalme. Ilitolewa mwaka 1888. Sanamu yasimama juu ya mji, imepakwa dhahabu, macho yake ni johari. Toka juu aona taabu ambazo hakuziona alipokuwa hai katika nyumba ya baba yake. Amwomba mbayuwayu awapelekee maskini johari ya upanga wake, kisha macho yake mawili, kisha dhahabu yote ya mwili. Ndege akawia kwenda Misri, afa kwa baridi. Wakubwa wa mji waona sanamu imekuwa mbaya, waiyeyusha. Moyo wa risasi tu ndio wakataa kuyeyuka. Kutoa ni moyo, si utajiri: hakuna hadithi iliyotuonyesha methali hiyo wazi kuliko hii. Tena Wilde aona sababu za umaskini, kwani mwanamke mwenye mtoto mgonjwa ashona usiku nguo ya hariri ya bibi mkubwa, na bibi huyo anung'unika kwamba washonaji ni wavivu.

Lakini tazameni maskini wa Wilde. Mshonaji amelala wakati johari yawekwa mezani. Kijana mwandishi ameinamisha kichwa, hajui aliyemsaidia. Hapo pia yuko msichana wa viberiti, alia kwa kuwa viberiti vyake vimeanguka mfereji. Wote hawana jina. Wote wangoja kitu kianguke toka juu.

Na mwaka ule ule wa 1888, katika mwezi wa Julai, mjini London, wasichana na wanawake karibu 1,400 waliofanya kazi katika kiwanda cha viberiti cha Bryant and May waliacha kazi kwa pamoja. Walitozwa faini katika mshahara mdogo kwa makosa madogo, nao walikula chakula chao fasi ile ile ya kazi, penye fosforasi, sumu inayoozesha mfupa wa taya. Baada ya majuma machache kiwanda kilikubali kuondoa faini na kuwapa chumba cha kulia mbali na sumu, nao wakaanzisha chama chao cha wafanyakazi. Hatusemi kwamba Wilde alipaswa kuandika juu yao. Kitabu chake kilitoka mbele ya mgomo ule. Twasema tu kwamba wasichana wa kweli wa viberiti walikuwa na mikono, na vitabu vya watoto havikuiona.

Cha tatu ni cha Comtesse de Ségur. Mama huyu alizaliwa Saint-Pétersbourg mwaka 1799, akawa Mkatoliki, akaolewa Ufaransa, na katika uzee wake aliwaandikia wajukuu. Katika Les Petites Filles modèles, cha mwaka 1858, watoto wa jumba wafundishwa wema, na sehemu moja ya wema huo ni kuwapelekea maskini chakula na nguo. Maskini washukuru. Kazi yao katika kitabu yakaribia kuishia hapo: wao ni somo la watoto wa tajiri.

Lakini mwaka 1861 mama huyo huyo alitoa Pauvre Blaise, na hapo mambo yageuka. Blaise ni mtoto wa mlinzi wa mlango wa jumba. Jules, mwana wa bwana mkubwa, amsingizia uongo mara nyingi. Blaise avumilia, hamchukii, na mwisho wema wake wawageuza mioyo Jules na baba yake. Hapa maskini ana jina, hata juu ya jalada la kitabu, naye ndiye mwalimu wa tajiri. Twasifu sana jambo hilo. Waandishi wengi waliosifiwa kuliko mama huyu hawakulifikia.

Ila nguvu ya Blaise ni moja tu: kunyamaza na kungoja. Kwa mtoto wa kwetu neno hilo lina hatari. Twajua wote kwamba katika miji yetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuwa mtu alisema ni walozi. Mama wa kambo ameota ndoto, kazi ya baba imekwisha, mtoto mchanga amekufa. Basi kosa latupwa juu ya yatima aliye nyumbani, naye aishia sokoni. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kulinda mtoto, yakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi na yatoa adhabu. Mtoto wa namna hiyo akisomewa Pauvre Blaise bila neno zaidi, atafikiri kwamba utakatifu ni kupigwa na kunyamaza. Mkatekista aongeze mwenyewe: uvumilivu ni fadhila, lakini anayesingiziwa ana haki ya kusema, na mtu mzima anayesikia ana wajibu wa kumsimamia.

Cha nne ni Sans famille cha Hector Malot, cha mwaka 1878. Rémi ni mtoto aliyeokotwa, alelewa na mama Barberin kijijini. Bwana Barberin, mwashi, aumia kazini Paris, apoteza kesi yake. Ng'ombe wa nyumbani auzwa ili kulipa. Kisha mtoto naye atolewa kwa fedha kwa mzee Vitalis, mwenye kuzunguka nchi na mbwa watatu na nyani, akiimba na kuchezesha. Mzee huyo afa kwa baridi karibu na Paris. Rémi apokewa na Acquin, mkulima wa maua mwenye watoto wanne. Siku moja mvua ya mawe yavunja vioo vyote vya bustani. Acquin ashindwa kulipa deni, afungwa, na watoto watawanyika.

Oneni tofauti. Katika Malot umaskini hauanguki kama theluji. Una sababu, na sababu zina majina: ajali, kesi, deni, gereza. Mtoto asomaye ajifunza kwamba maskini si mvivu wala si mlaaniwa. Ni mtu aliyepatwa na jambo. Tena mwenye kumsaidia maskini katika kitabu hiki, mara nyingi, ni maskini mwenziwe. Acquin ana vinywa vya kulisha, lakini amfungulia Rémi mlango. Rémi amkuta Mattia na njaa mbele ya kanisa, amgawia mkate, na tangu hapo watembea pamoja, mmoja kwa kinubi, mwenzake kwa fidla. Nao waweka franka moja moja, si kwa kununua nguo zao, bali kwa kumnunulia mama Barberin ng'ombe badala ya yule aliyeuzwa. Katika vitabu vyote vinne, sehemu hii ya ng'ombe ndiyo twaipenda kupita zote. Hapa maskini ana jina, ana mikono, tena zawadi yake si makombo: ni ng'ombe mzima.

Kitabu hiki nacho kina kosa. Mwishoni Rémi aonekana ni mwana wa jamaa tajiri wa Uingereza, kana kwamba mtoto wa njiani hana thamani mpaka damu ya matajiri ionekane ndani yake. Maibobo wa Goma hana mama tajiri anayemtafuta ng'ambo ya bahari. Mwalimu aelekeze macho ya watoto kwa Mattia: huyo hana urithi wowote, naye ndiye mwenye akili na furaha katika safari yote.

Je, tuvitupe vile vitatu vingine? Hapana. Twaomba tu kwamba mwenye kuvisoma katika kalasi abadili maswali. Desturi ni kuuliza: "Sisi tutawasaidia maskini namna gani?" Swali hilo lagawa kalasi mara mbili, na mwenye njaa ainamisha kichwa. Afadhali kuuliza: "Nani katika hadithi hii ajua jina la mwenzake? Nani alitoa kitu, na alikuwa na nini? Nani alipita bila kuulizwa?" Maswali hayo mtoto yeyote aweza kuyajibu bila haya, na mara nyingi mwenye njaa ajibu vizuri kuliko wote, kwa kuwa ajua habari.

Na baada ya kusoma vya wengine, tuandike vyetu. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, moto wake uliteketeza nyumba nyingi kandokando ya Goma, na siku chache baadaye watu wengi sana wakaukimbia mji. Huko Sake, Minova na Bukavu familia nyingi ziliwapokea, nazo hazikuwa tajiri: bugali wa watu sita ukaliwa na watu kumi na wawili. Watoto walioyaona hayo leo wako katika kalasi zetu. Mseminari mwenye kalamu nyepesi aende akawasikilize, kisha awaandikie kitabu, kwa Kiswahili chao, chenye njaa ya kweli na mikono ya kweli. Na katika ukurasa wa kwanza aanze kwa kumpa mtoto jina.