Damu, Ngazi na Nakala: Uhakiki wa Sitiari za Urithi

Ndugu walimu, tangu mwaka 2005, Katiba ya Uganda ilipokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, tumekuwa tukidai kwamba lugha hii yaweza kubeba elimu zote. Dai hilo hatuna budi kulithibitisha kwa kazi, na elimu ya urithi ni mtihani mzuri. Katika makala haya nitahakiki sitiari tatu tunazozitumia kuieleza: damu, ngazi na nakala.

Ya kwanza ni kongwe. Twasema mtoto ana “damu ya babaye”, au ugonjwa fulani “umo katika damu yao”. Kama usemi wa kifasihi haina kosa. Kama maelezo ya elimu, yapotosha. Chembe nyekundu za damu ya binadamu zikishapevuka hazina kabisa DNA, ile asidi ibebayo urithi. Madhara ya sitiari hii niliyashuhudia. Mzazi mmoja hapa Kampala alifika shuleni kueleza kwa nini bintiye hukosa masomo mara kwa mara. Mtoto ana selimundu, akasema, kisha akaongeza: “Ni damu ya mamaye.” Mama alikuwa ameketi kando yake, kimya. Kumbe selimundu iliyo ya kawaida kwetu humpata mtoto aliyepokea jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Sitiari mbovu ilimhukumu mmoja kwa jambo la wawili.

Ya pili, ngazi iliyosokotwa, yatokana na umbo lililotangazwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, ambao walitegemea pia matokeo ya picha za eksirei za Rosalind Franklin. Sitiari hii ni njema. Miimo miwili ya ngazi ni nyuzi mbili za DNA. Kila kipandio ni jozi ya herufi: adenini hukabiliana na thimini, guanini na sitosini. Lakini ngazi yaonyesha umbo tu, haionyeshi kazi. Hakuna ngazi izaayo ngazi.

Ya tatu ni nakala. Mwanafunzi asikiapo neno hili, huona asili ikibaki mezani na nakala ikitolewa pembeni. Sivyo. Nyuzi mbili huachana, na kila uzi huwa kigezo cha kujengea mwenziwe mpya. Mwishowe zipo DNA mbili, na kila moja ina uzi mkongwe na uzi mpya. Matthew Meselson na Franklin Stahl walithibitisha hayo mwaka 1958, kwa kutumia bakteria waliokuzwa katika nitrojeni nzito, kisha wakahamishiwa katika nyepesi.

Mimi napendekeza methali. Mwalimu asemapo “Asiyefunzwa na mamaye”, darasa huitikia “hufunzwa na ulimwengu”. Kundi moja na lipewe nusu ya kwanza, kundi jingine nusu ya pili. Kila kundi litarudi na methali nzima, nusu yake ya zamani, nusu yake imeandikwa upya. Sitiari hii nayo ina upungufu: wanafunzi hujibu kwa kukumbuka methali, ilhali DNA hujengwa herufi kwa herufi bila kujua maana. Mwalimu aliseme hilo waziwazi.

Faida yake kubwa yaonekana penye kosa. Mwandishi akiteleza akaandika “hufungwa na ulimwengu”, herufi moja tu imebadilika, sentensi yasomeka vizuri, lakini maana ni nyingine. Na wote watakaonakili kwake watalirithi kosa hilo. Selimundu ndiyo hiyo. Katika jeni ya himoglobini, thimini imechukua nafasi ya adenini moja. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na A. B. Raper walionyesha kwamba miongoni mwa Baamba wa magharibi mwa Uganda, watu wapatao 45 kwa kila 100 walikuwa na alama hiyo. Mwaka 1954 Anthony Allison akaeleza sababu: aipokeaye jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingika kwa kiasi na malaria kali. Ndiyo maana kosa halikufutika. Uchunguzi wa watoto wadogo nchini Uganda, wa mwaka 2014 na 2015, uliwakuta wapatao 13 kwa kila 100 wakiibeba jeni hiyo.

Basi katika darasa la wanafunzi 50, yumkini sita au saba wanaibeba, nao wataoa na kuolewa. Yafaa waondoke kwetu wakijua kwamba wazazi wawili wenye afya waweza kumzaa mtoto mgonjwa, na kwamba hapana wa kulaumiwa. Mwalimu mwenye sitiari iliyo bora kuliko yangu na ailete, tuihakiki pamoja.