Noah Hukaguliwa Kutoka Siti ya Nyuma

Dalali anayeuza Noah huwa na maneno yale yale: gari halina shida, bosi, ni kuwasha na kuondoka, injini haijaguswa. Mnunuzi naye analizunguka mara moja, anapiga tairi teke, anafungua boneti na kutikisa kichwa kama anayeelewa, kisha anapanda siti ya dereva na kuzunguka mtaa, dalali akiwa pembeni. Gari linakwenda vizuri. Lisiendeje vizuri, wakati limeundwa kubeba watu wanane na sasa limebeba wawili?

Noah tupu, au ndugu yake Voxy, ina uzito wa karibu tani 1.6. Ijaze watu wazima wanane na vifurushi vyao, umeongeza zaidi ya nusu tani, yaani karibu theluthi ya uzito wa gari lenyewe. Shokapu, breki, giaboksi, AC na unywaji wa mafuta, vyote hubadilika tabia hapo. Kwa hiyo siku ya kukagua nenda na watu. Beba shemeji, majirani, vijana wa gereji, yeyote aliye tayari kwa soda moja. Wewe mwenyewe kaa nyuma kabisa, na usukani mpe fundi unayemwamini.

Kwanza ujue unakagua Noah ipi, maana mitaani jina hilo hubeba magari yasiyofanana. Ile ya zamani iliyotoka 1996 ina injini chini ya siti za mbele na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ndiyo iliyozoeleka kubeba abiria kati ya Arusha, Moshi na Namanga. Injini yake ya petroli ya 3S, ya lita 2, ni mvumilivu, ila dereva hukaa juu ya joto, na mkanda wa timing una umri wake: kilomita 100,000 ukabadilishwe. Toleo la 2001 hadi 2007 lilihamishia injini mbele na kuvutwa na magurudumu ya mbele, hivyo sakafu ikashuka na hata bibi akapanda bila kushikwa mkono. Lililofuata likaanza 2007, na jingine 2014. Kuanzia 2001 hakuna tena mkanda wa timing, ni cheni. Fundi anayekwambia ubadilishe mkanda wa timing kwenye Noah ya 2008 mshukuru, ulipe soda yake, uondoke.

Ukifika kwenye gari, acha boneti ilivyo. Anza na mlango wa pembeni.

Mlango ule hutembea juu ya rola zilizomo kwenye reli tatu: moja juu, moja ubavuni kwa nje, moja chini penye kikanyagio. Hakuna kitu kinachotumika zaidi kwenye gari hili. Watoto wanauning'inia, konda anaubamiza, mchanga wa viatu unamwagikia reli ya chini kila siku ya Mungu. Ufungue hadi nusu, ukamate ukingo wake kwa mikono miwili, uuinue taratibu. Ukicheza juu na chini, rola zimelika. Sasa ufunge, urudi hatua mbili nyuma, uangalie mwanya kati ya mlango na bodi. Uwe na upana mmoja kuanzia juu mpaka chini. Mwanya uliobana chini na kupanuka juu, na rangi iliyokwanguka pale kona ya mlango inapogusa bodi, unakuonyesha mlango ulioning'inia kwa muda mrefu. Rola si spea ya kumfilisi mtu. Ninachokitafuta hapo ni tabia ya mwenye gari: mtu aliyeishi na mlango unaogoma, akiuvuta kwa nguvu asubuhi na jioni bila kuupeleka kwa fundi, sitarajii kuwa alibadilisha oili kwa wakati.

Kama mlango ni wa umeme, hakikisha swichi yake kwenye dashibodi imewashwa. Mara nyingi utaikuta imezimwa na utaambiwa ni kwa ajili ya usalama wa watoto. Iwashe. Mota huuvuta mlango kwa waya wa chuma, na waya ukianza kuchanika nyuzi utasikia mkoromo, mlango utasita katikati, utalia pii-pii, kisha utarudi ulikotoka. Kuutengeneza ni gharama ya kweli, si ya rola. Halafu liegeshe gari kwenye mteremko, pua ikiangalia chini, ufungue mlango hadi mwisho. Unatakiwa ushike pale ulipo. Usiposhika utateleza na kujifunga wenyewe, na mahali hapo ndipo mtoto huweka vidole.

Panda nyuma sasa. Siti za mstari wa tatu hukunjwa na kuning'inizwa ubavuni ili mizigo ipate nafasi. Zikunje, zifungue, sikiliza kama kufuli zake zinabana. Zikiwa zimening'inizwa hugongagonga kwenye barabara mbovu, na wenye Noah karibu wote wanaijua kelele hiyo. Haina hatari. Wengi huimaliza kwa mkanda uliokazwa vizuri au kipande cha sponji. Kisichovumilika ni joto. Kagua AC saa nane mchana, gari likiwa limesimama juani na limejaa watu, siyo asubuhi. Mbele hupoa upesi kila mara. Swali ni kama matundu ya darini yanayohudumia nyuma yanatoa baridi au vuguvugu, na kama feni yake ina kasi zote. Ukiona gari linauzwa lakini swichi ya AC ya nyuma haifanyi kazi, jua kuna watu waliokuwa wanatoka jasho humo kwa miezi wakati baba amekaa mbele amepoa.

Mwendoni utahisi gari linalala kwenye kona, na upepo wa tambarare unalisukuma. Sehemu kubwa ya hayo ni umbile lake. Sheria za Japani huliweka gari kwenye daraja la chini la namba likiwa na upana usiozidi mita 1.7, urefu usiozidi mita 4.7 na injini ya petroli isiyozidi lita 2. Noah nyingi zilikatwa zitoshee humo: upana milimita 1,695, kimo karibu mita 1.85. Ni gari refu lenye mabega membamba. Kuyumba kidogo ni halali yake. Kuyumba mara tatu baada ya tuta moja si halali, hizo ni shokapu zilizokwisha. Chungulia chini: shokapu iliyolowa oili imeshakufa, hata kama bado imeshikilia gari.

Sauti zina lugha yake. Kogo-kogo nyepesi kutoka mbele kwenye mashimo madogo mara nyingi ni linki za stebilaiza, kazi ya nusu saa. Mlio wa kata-kata ukikata usukani mpaka mwisho na kuondoka ni joint za ekseli. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, kisha ukabadilika sauti ukiingia kwenye kona, ni beringi ya gurudumu. Kuna na mshindo mmoja mzito, du!, gurudumu linapotumbukia shimoni. Ukiusikia huo, uliza kama gari limenyanyuliwa. Sisi tunapenda kuweka spesa ili chesisi isiguse matuta, na ninaelewa kwa nini, lakini spesa hainyooshi shokapu. Gurudumu likishuka, shokapu inafika mwisho wake mapema na kugonga, ekseli nazo hufanya kazi kwa pembe ambayo hazikukusudiwa. Gari lililonyanyuliwa kupita kiasi silinunui. Hilo ni pendeleo langu na sitabishana na wa barabara za Mbulu au Loliondo.

Tazama pia tairi zenyewe. Noah nyingi hutoka na 195/65 R15, na namba inayofuata, 91, maana yake tairi moja imeruhusiwa kubeba kilo 615. Mtu aliyeweka tairi nyembamba za gari dogo kwa sababu ya bei, au rimu kubwa zenye tairi kama utepe kwa sababu ya sifa, amekuharibia starehe yote uliyoilipia. Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Usimwachie kijana wa pancha akadirie kwa kupiga nyundo.

Mafuta ndiyo yanayozua ubishi vijiweni. Mmoja anaapa Noah yake inakwenda kilomita 14 kwa lita, mwingine anasema ya kwake inabugia, lita kwa kilomita 6. Wote wanaweza kuwa wakweli na wote wanaweza kuwa hawajapima. Kwanza, tarakimu za Japani zilizomo kwenye matangazo zilipatikana maabara, gari likiwa juu ya rola na AC imezimwa, kwa kipimo cha 10-15 na baadaye JC08. Foleni ya Ubungo haimo humo. Pili, watu hupima kwa pesa: “ya elfu hamsini inanifikisha Chalinze na kurudi.” Lakini hapa Tanzania bei kikomo za mafuta za EWURA hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa wenzetu Kenya EPRA hutangaza zao tarehe 14, kwa hiyo elfu hamsini ya Machi si elfu hamsini ya Aprili.

Pima hivi. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, endesha maisha yako ya kawaida mpaka tanki lishuke chini ya nusu, kisha rudi kituo kile kile ujaze tena mpaka ijikate. Ukisoma kilomita 320 na pampu ikaandika lita 36, gawanya: karibu 8.9. Rudia, maana tanki moja linaweza kudanganya. Noah ya lita 2 yenye afya, mjini, kwenye foleni na AC, hucheza kati ya 7 na 9. Barabara kuu kwa mwendo wa 80 hadi 90 itakupa 11 hadi 13. Ukipanda hadi 120, kile kimo cha mita 1.85 kinaanza kupigana na upepo na tarakimu inaporomoka, hata fundi akusafishie plagi mara ngapi. Anayeuza akisema 15 mjini, muulize alipima vipi. Jibu lake litakwambia mengi kuhusu maneno yake mengine.

Unywaji ukizidi hapo, sababu za kawaida ni ndogo: breki inayoshika gurudumu moja, tairi zisizo na upepo, sensa ya oksijeni iliyochoka. Kwenye toleo la 2001 hadi 2007 ongeza shaka juu ya injini yenyewe. Ni ya D-4, inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti tena mgongoni mwa valvu za kuingiza hewa na kuziosha, masizi hujijenga pale mpaka gari likatetemeka likiwa silensa, hasa asubuhi. Pampu yake ya presha kubwa nayo haipendi petroli ya madumu. Liwashe likiwa la baridi kabisa. Ukifika ukakuta boneti ina moto na unaambiwa limetoka kuoshwa, rudi kesho alfajiri.

Giaboksi ya CVT, iliyoingia katikati ya toleo hilo na kuendelea, ina swali moja tu kwa mwenye gari: uliweka oili gani? Jibu liwe oili ya CVT, ya aina iliyoandikwa kwa gari hilo. Akisema “ATF ya kawaida tu, zote ni sawa,” shuka. Ukiondoka taratibu kwenye kilima, limejaa, hutakiwi kuhisi mtetemo wa kukwaruza. Kwenye haibridi, tafuta tundu la hewa linalopoza betri kubwa. Likiwa limeziba vumbi na nywele za zulia, betri hiyo imekuwa ikichemka kimya kimya.

Kilomita za kwenye dashibodi zisikuzuzue, hurudishwa kwa kompyuta ndogo kwa dakika chache. Hati ya Japani ya kusafirisha gari huandikwa kilomita, na karatasi ya mnada pia. Kwenye karatasi hiyo A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na alama ya R badala ya daraja humaanisha gari lilipata ajali likatengenezwa. Kama karatasi zimepotea, fungua mlango wa dereva utafute vibandiko vya Kijapani vya kubadilisha oili, vyenye tarehe na kilomita. Kibandiko cha 2016 chenye 118,000 kwenye gari linaloonyesha 84,000 leo hakihitaji mkalimani. Angalia na kanyagio la breki na mshipi wa siti ya dereva, jinsi vilivyolika.

Yatakayobaki ni madogo: kioo kinachoshuka polepole, taa ya kibati iliyokufa, redio isiyokubali masafa yetu ya FM kwa sababu yale ya Japani huishia 90 au 95, kifuniko cha kishikilia vikombe kilichovunjika. Yaandike yote na uyatumie kwenye bei, lakini yasikutoe kwenye gari zuri. Nikiwekewa mbili kwa bei moja, ile ya 2007 na kuendelea iliyopauka rangi, mlango wake unafunga kwa kidole kimoja na nyuma kunapoa, na ya pili iliyong'arishwa, rimu mpya, mlango wa umeme umezimwa, nachukua ya kwanza na rangi nitapiga mwakani.