Mashujaa na Miji Waivunjayo

Hapana lawama kwa sanaa kuuangusha mji. Watungaji wa zama zote wameteketeza miji katika hadithi zao, na wasikilizaji hawakuwashitaki, maana kila ukuta ulioanguka ulimwangukia mtu aliyejulikana. Lawama huanza pale ambapo mji waanguka wala haumwangukii mtu yeyote. Hii ndiyo kasoro ya picha nyingi za senema za Marekani zisimuliazo habari za mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu, na yafaa ipimwe kwa mifano.

Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, alitokea mara ya kwanza mwaka 1938 akiwa mtetezi wa walioonewa. Katika Superman II ya mwaka 1980 apigana na maadui watatu katikati ya mji wa Metropolis. Aonapo kuwa raia wamo hatarini kwa ajili yake, aruka na kwenda zake ili maadui wamfuate mbali. Raia wadhani amekimbia. Hapo ushujaa wapata maana: mwenye nguvu akubali kuitwa mwoga ili wanyonge waishi.

Sasa tutazame Man of Steel, iliyoongozwa na Zack Snyder mwaka 2013. Shujaa ni yule yule, mji ni ule ule, na adui mkuu, Zod, ni yule yule. Lakini majumba marefu yaanguka kama mabua, na hatumwoni shujaa akijitahidi kuutoa ugomvi nje ya mji. Mwishowe avunja shingo ya Zod ili kuiokoa jamaa moja isiungue, kisha apiga ukelele wa uchungu. Uchungu huo ni mwema, ila hesabu yake ni ngeni: adui mmoja aliliwa, na umma uliozikwa katika vifusi hautajwi. Haupiti muda, nasi twaingizwa katika ofisi ya gazeti la mji huo, ambamo mtu azungumzia tikiti za mchezo wa jioni.

Batman v Superman ya mwaka 2016, ya mwongozaji huyo huyo, yarudia vita vile kwa macho ya mtu aliye chini. Bruce Wayne akimbilia ndani ya wingu la vumbi kuwatafuta watumishi wake. Dakika hizo chache zina thamani kubwa. Baadaye, hata hivyo, vita vyapelekwa mahali ambapo picha yenyewe yatuambia upesi kuwa hapakaliwi na watu. Dawa hiyo yamwondoa shahidi. Kosa yaliacha palepale.

Mwaka huo huo, katika Captain America: Civil War ya Anthony na Joe Russo, mama mmoja amkabili Tony Stark na kumwonyesha picha ya mwanawe aliyekufa Sokovia. Picha hiyo mkononi mwa mama yashinda uzito wa majumba yote. Lakini tukumbuke Lagos, ambako mapema katika picha hiyo hiyo watokea mlipuko. Maiti wanaoombolezwa zaidi ni watu wa Wakanda, nchi ya kubuni. Wenyeji wa Lagos, mji wa kweli, hawakupewa jina wala sura.

Huenda mtu akasema kuwa huu ni mchezo tu, na majumba hayo yameundwa kwa kompyuta. Hoja hiyo haisimami. Machozi ya shujaa nayo ni ya kubuni, na bado twatakiwa tuyaamini. Haiwi haki kutuomba huruma kwa mmoja na kutukataza kwa wengi. Tena vumbi la kijivu na karatasi zipeperukazo angani ni sura ambazo dunia iliziona New York tarehe 11 Septemba 2001. Atumiaye sura za msiba wa kweli apate msisimko, yampasa aulipe msiba huo heshima yake.

Wahenga walinena kuwa wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Hawakuitunga methali hiyo ili kuwasifu tembo. Mwanafunzi apimaye picha za namna hii na aanze hapo: asiulize jumba lilianguka kwa kishindo gani, bali ni nani aliyekuwamo, na kama mtungaji alimjua.