Jicho la Mkuza Fuwele

Mwaka 1848, jijini Paris, kijana wa miaka 25 aitwaye Louis Pasteur alikuwa akichambua chumvi punje kwa punje. Si chumvi ya mezani. Ni ya sodiamu na amonia, iliyotengenezwa kwa asidi itokanayo na mashapo ya mvinyo. Mitscherlich, bingwa wa fuwele wa Ujerumani, alikwisha kuzikagua chumvi hizo asione tofauti. Pasteur akaona kiuso kidogo mno pembeni mwa fuwele: kwa baadhi kimekaa kulia, kwa nyingine kushoto, mithili ya jozi ya kandambili. Akazitenga kwa mkono. Alipoyeyusha kila fungu peke yake na kupitisha mwanga uliochujwa utetemeke katika bapa moja tu, fungu moja lilizungusha bapa hilo kulia, la pili kushoto.

Bahati nayo ilikuwapo. Chumvi hii hujigawa hivyo ikiganda chini ya nyuzi 27 hivi za Selsiasi. Februari ya Dar es Salaam ingemnyima ugunduzi.

Lakini bahati haikuzi fuwele. Mmumunyo ukikaushwa haraka, unaambulia unga. Hufunikwa kwa karatasi iliyotobolewa kwa sindano, ukawekwa pasipo mtikisiko, maji yakatoka kidogo kidogo. Kisha fuwele huzungushwa chini ya hadubini ya mwanga uliochujwa: iliyo njema huzimika yote kwa mpigo, yenye mabaka hutupwa, hata iwe kubwa na ya kupendeza.

Ndani yake, mojawapo ya vinavyoshikilia jengo ni haidrojeni, nayo ndiyo atomu ngumu kuliko zote kuonekana. Atomu za fuwele hutafutwa kwa eksirei, nazo hutawanywa na elektroni, na haidrojeni inayo moja tu. Basi fundi hupima umbali kati ya oksijeni mbili; ukiwa kama angstromu 2.8, ana sababu ya kuamini kwamba katikati ipo haidrojeni, imefungwa kwa moja na kuvutwa na ya pili. Ndivyo maji yaliyomo katika chumvi ya Pasteur yanavyoishikamanisha. Yakitoka, fuwele huvunjika. Fuwele mbovu haikupi umbali huo kwa uhakika, hata mashine iwe ghali vipi.

Mwaka 1951 Johannes Bijvoet na wenzake wa Utrecht walichukua chumvi ya ukoo uleule, yenye rubidi badala ya amonia, wakaipiga eksirei za zirkoni. Hadi hapo maumbo mawili yalijulikana, ila lipi lina mpangilio upi wa atomu lilikuwa jambo la kukisia; mkemia Emil Fischer alijichagulia mpangilio mmoja katika karne ya 19 ili kazi isikwame. Fuwele ya Utrecht ikaonyesha kwamba alipatia.