Jumla ya alama haitoshi kupima nafuu

Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965, kimekuwa njia ya kawaida ya kueleza mgonjwa wa kiharusi anajimudu kiasi gani. Kina vipengele kumi, kuanzia kula na kuoga hadi kupanda ngazi, na jumla yake huishia 100. Jumla hiyo ikisomwa kama kilo au sentimita inapotosha, na wilaya za vijijini Tanzania kama Nachingwea na Ruangwa zinaonyesha kwa nini. Aliyekuwa akiogeshwa, akianza kuoga mwenyewe, huongezewa alama 5. Aliyekuwa akitembea kwa kushikwa, akianza kutembea peke yake, naye huongezewa 5. Karatasini wamelingana, ilhali huyu wa pili sasa anaweza kufika kwa jirani. Alama hizo zinaonyesha nani amemzidi nani, hazionyeshi amemzidi kwa kiasi gani. Tena, anayeishi nyumba isiyo na ghorofa anaulizwa habari za ngazi, wakati kuchuchumaa chooni, kuinuka mkekani na kupalilia ufuta kwa jembe haviulizwi kabisa.

Njia ya kurekebisha hili ilitolewa mwaka 1960 na Georg Rasch, mtakwimu wa Denmark. Kwake, uwezekano wa mtu kumudu kazi hutegemea tofauti kati ya uwezo wa mtu na ugumu wa kazi, hivyo watu na kazi hupangwa kwenye mstari mmoja. Kazi inayowawia wanavijiji ngumu kuliko watu wa mjini wenye uwezo uleule hujitokeza yenyewe, ikachunguzwa.

Wapo watakaosema hospitali ya wilaya haina mtakwimu, na kwamba jumla ya kawaida huenda sambamba na kipimo cha Rasch. Ni kweli kwa wagonjwa wa katikati. Lakini kwenye ncha, alama chache hubeba mabadiliko makubwa, na huko ndiko waliko walio hoi na wanaokaribia kupona. Hesabu yenyewe hufanywa mara moja chuoni, kisha wodini hutumika jedwali la kubadilishia alama kuwa kipimo cha Rasch. Wengine watahofia kwamba kuongeza vipengele vya jembe na choo cha shimo kutatuzuia kujilinganisha na nchi nyingine. La hasha: vipengele vya zamani vinavyobaki ndivyo vinavyounganisha kipimo cha zamani na kipya. Hadi jedwali hilo lipatikane, faili la mgonjwa lionyeshe alama za kila kipengele, si jumla pekee.