Chuma cha Warongo

Kabla ya kuwasha moto, mhunzi anautazama mkuki. Ameulaza juu ya gunia, penye mwanga wa mlangoni, na kwa muda mrefu hafanyi lingine ila kuugeuza polepole na kuupapasa kwa kidole gumba. Banda lake liko kando ya barabara huko Katoro, mkoani Geita, jirani na fundi baiskeli. Kazi inayomlisha ni kunoa tindo na sululu za wachimbaji wadogo, wanaokuja alfajiri na vyuma vilivyobutuka na kutaka kurudi navyo machimboni kabla jua halijawa kali. Mkuki huu si wa haraka hiyo. Umeletwa na ndugu wawili kutoka upande wa Shinyanga, ambao wameurithi kwa babu wa babu yao, na wazee wa ukoo wanautaka usimame siku ya tambiko.

Ncha imepinda, kama vile iliwahi kutumika kung'olea kitu ardhini. Uti wake umeliwa na mchwa, kikabaki kipande kilichokatikia ndani ya bomba, pale mti unapoingia kwenye chuma. Bomba lenyewe lina ufa unaoanzia mdomoni na kupanda kuelekea kengee. Ndugu hao wanadhani tatizo kubwa ni ncha, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mhunzi anaurudia ufa mara kwa mara.

"Hiki si chuma cha duka, wajukuu zangu," anasema.

Anajua kwa kutu. Kwenye chuma cha kiwandani kutu hula kwa vidoa. Hapa imekula kwa mistari, ikifuata urefu wa kengee kuanzia bombani hadi nchani. Mistari hiyo ni mavi ya chuma yaliyonaswa ndani tangu siku chuma kilipozaliwa. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538, na tanuri la udongo linalopulizwa kwa viriba halifiki huko. Mawe ya chuma na makaa yalipopangwa humo na kupulizwa kupitia mirija ya udongo, kilichoyeyuka ni takataka. Chuma kilibaki bonge lenye matundu, nalo likapondwa na kukunjwa likiwa la moto hadi likakaza. Hakuna nyundo iliyoweza kuyatoa mavi yote. Yaliyobaki yalinyooka pamoja na chuma, yakawa nyuzi.

Waliokuwa na ujuzi huo katika nchi hii ya Geita, Uzinza na Usukuma ni Warongo, watu wa matanuri. Majembe yao yalilima mashamba, yalilipwa kama mahari, na yalisafiri kusini hadi masoko ya Unyamwezi. Majembe ya Ulaya yalipoanza kuja kwa bei ndogo, matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Wahunzi wakabaki na nyundo, wakafua vyuma chakavu: kwanza vya reli, baadaye springi za magari. Mzee huyu hajawahi kuyeyusha jiwe la chuma. Alichorithi ni kujua tabia ya chuma chenyewe: kinataka moto mkali kuliko springi, kikipigwa kikiwa kimepoa hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, na hata ukikichovya majini kikiwa chekundu hakiwi kigumu.

Ndugu mdogo anauliza kama, baada ya mkuki, atawatazamia na gobore lililobaki nyumbani. Jibu linakuja bila mzee kuinua macho: silaha ya moto ipelekwe polisi. Ana haki ya kusema hivyo, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu asiye na leseni kutengeneza bunduki. Nyingi za kupakilia mdomoni ziliingia bara katika karne ya 19 na misafara ya pembe iliyotoka pwani kwenda Tabora, na hadi Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, alipofariki mwaka 1884 zilikuwa zimeyageuza mapigano ya nchi hii. Hata hivyo, mkuki haukutoka mikononi. Baruti ilinunuliwa kwa mgeni, mkuki ulifuliwa kwa jirani. Hata sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipojipanga kulinda mifugo upande wa Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, walishika pinde na mishale.

Kazi inaanza na mti. Mzee anatoboa kipande kilichokwama kwa keekee ndogo, anakichokoa kwa waya, kisha anakwangua mabaki kwa msumari uliobondwa ncha. Hachomi. Kuchoma kungekuwa haraka, ila bomba ni jembamba kama ganda la yai, na moto usio na sababu ungelipunguza zaidi, kwa sababu kila chuma kinapoiva ngozi yake ya juu hubanduka magamba. Bomba likishakuwa tupu, analipaka mafuta ya taa, analisugua kwa majivu na brashi ya waya, na anaacha pale kutu nyekundu inapoisha na weusi wa zamani unapoanza. Ndugu mkubwa angependa aendelee hadi ling'ae. Mzee anatikisa kichwa. Weusi huo ndio unaozuia kutu mpya, na kilicho chini yake hakitengenezwi tena na mtu yeyote.

Sasa moto. Upepo unatoka kwenye feni iliyofungwa kwa mkanda kwenye gurudumu la baiskeli, na kijana anayelizungusha amefundishwa kusikiliza zaidi ya kutazama. Makaa ni ya mgunga, yaliyovunjwa vipande vidogo. Mzee anazika ncha peke yake, huku kengee imefunikwa kwa tambara bichi ili joto lisipande. Anangoja nyekundu iliyofifia ipite, nyekundu ya damu ipite, hadi rangi ya chungwa. Ndipo koleo linaingia, ncha inalala juu ya fuawe, na nyundo inashuka kwa uzito wake wenyewe. Anapiga mapigo machache, kisha anarudisha motoni ingawa rangi bado ipo. Kwa springi angeendelea kupiga. Kwa chuma hiki anaacha mapema, kwa kuwa pigo moja la ziada kikiwa kimepoa lingeufungua uzi mmoja, na ncha ingegawanyika mara mbili. Ncha inarudi kwenye mstari kidogokidogo, hata mtazamaji hawezi kusema ni pigo gani lililoinyoosha.

Ufa unatibiwa kwa mambo mawili. Kwanza, mzee anatafuta mahali hasa unapoishia. Anapaka chokaa, anagonga taratibu, na mstari wa mafuta ya taa yaliyojificha ndani unajichora kwenye weupe, ukienda mbele kuliko jicho lilivyokuwa limeona. Hapo kwenye kikomo anatoboa tundu dogo. Ufa ukifika kwenye tundu hauna pembe ya kuanzia safari nyingine, kwa hiyo hautembei tena.

Pili, pete. Kutoka kwenye debe la vipande anachagua mabaki ya jembe la kale, lenye mistari ileile ya kutu. Nondo ingefaa kwa nguvu, lakini anataka vyuma viwili vinavyotanuka na kushika kutu kwa namna moja. Anakifua kipande kuwa ukanda, anauzungusha kwenye chuma cha duara kilichochongoka, ncha mbili zinapandana. Ananyunyizia mchanga mlaini pale zinapopandana, ambao utayeyuka na kuzoa uchafu, kisha anarudisha motoni. Safari hii anapita chungwa, anapita njano, hadi chuma kinakaribia weupe na cheche za kwanza zinaruka. Banda zima linanyamaza, hata kijana wa feni anajua asikohoe. Koleo, fuawe, mapigo matatu ya haraka, na kiungo kimekuwa chuma kimoja. Hapa ndipo chuma cha Warongo kinapokishinda cha kisasa: mavi yake ya ndani husaidia kiungo kushika.

Pete ikiwa baridi haiingii kwenye bomba. Inakosa nafasi ya unene wa ukucha, na ndivyo mzee alivyokusudia. Anaingiza ndani ya tundu lake msasa uliokunjwa, anapima, anasugua tena, mpaka mteremko wa ndani ya pete ufanane na mteremko wa nje wa bomba. Kisha anaichoma pete peke yake. Inatanuka, inateleza hadi mahali pake kwa mguso mmoja wa nyundo ya mti, na inapopoa inajibana. Mdomo wa ufa unafumba mbele ya macho ya wote.

Uti mpya ni wa mkole, ambao ndugu hao waliukata kwenye ngitili ya ukoo wakati wa kiangazi, kwa ruhusa ya wazee. Ngitili, yale malisho yanayofungwa ili nyasi na miti ipumzike, yalikuwa yamebaki machache sana Shinyanga kabla ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 kuwapa watu moyo wa kuyarudisha. Fimbo imekaushwa kivulini. Mzee anaipitisha juu ya majivu ya moto, anainyoosha kwa goti, anaichonga kwa kisu, anapaka masizi ndani ya bomba na kuijaribu. Panapoacha alama nyeusi ndipo panapogusa, hapo anakwangua. Anarudia hadi masizi yashike mzunguko mzima. Uti ukikaa sawasawa unalisukuma bomba kutoka ndani, pete inalibana kutoka nje, na ufa uko katikati ya nguvu mbili zinazoushikilia. Juu ya kiungo anaviringisha ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, ambao utajikaza unapokauka.

Kumaliza ni kupaka mafuta ya ng'ombe, kufuta, kupaka tena. Pete inabaki ikionekana wazi. Ndugu mdogo anauliza kama inaweza kusuguliwa ifanane na bomba.

"Atakayeurithi baada yenu," mzee anajibu, "aone ulivunjika wapi, ajue asiukazie hapo."

Bei anayotaja ni ya pete na uti tu, ndogo kuliko wanayolipa wachimbaji kwa mzigo wa tindo. Ndugu mkubwa anadhani amesikia vibaya, anauliza tena. Mzee anawakumbusha wasiuegemeze kwenye sakafu ya saruji inayotoa unyevu, wapake mafuta kila masika inapoanza, kisha anamwita mchimbaji aliyekuwa akingoja mlangoni na sululu tano begani.